Watoto wa paka wanakuja: tengeneza chumba kimoja kwanza

Simu ya jirani huja ghafla: paka wake kazaa wanne, njoo uchukue wawili. Jioni hiyohiyo wanafika ndani ya boksi la sabuni, wanaachiwa nyumba nzima, na asubuhi mmoja haonekani. Atakuwa nyuma ya friji, au ndani ya gunia la mkaa, au juu ya neti ya mbu, kucha zimenasa. Nyumba nzima ni kubwa mno kwa mnyama wa gramu 800. Hajui choo kiko wapi, hajui chakula kiko wapi, na kila kishimo anachokiona ni maficho. Basi fanya kinyume: andaa chumba kimoja, kikamilike, ndipo uende kuwachukua. Vingine vitafunguliwa baadaye, kimoja kimoja.

Kabla ya chumba, ulizia umri, na jibu usiliamini mpaka upime. Mtoto wa paka asitoke kwa mama yake kabla ya wiki 8, na wiki 10 hadi 12 ni bora zaidi, kwa sababu ni kwa mama na ndugu zake anakojifunza kuzuia kucha na kung'ata kwa kiasi. Anayelishwa vizuri huongeza takriban gramu 100 kila wiki, hivyo wa wiki 8 hukaribia gramu 800 au 900. Mizani ya jikoni inatosha: weka bakuli, irudishe kwenye sifuri, mtie ndani. Mizani ikisoma gramu 450, yaelekea ni wa wiki nne au tano, hata kama mwenye paka anaapa kwamba ni miezi miwili. Mrudishe kwa mama yake. Na kama nafasi ipo, chukua wawili wa uzao mmoja. Aliye peke yake huwinda vifundo vya miguu yako usiku kucha, wawili huwindana.

Chumba chenyewe

Kisiwe jikoni, kisiwe sebule ambayo kila mtu anapita, kisiwe stoo ya mkaa. Chumba kidogo cha kulala kinafaa, hata bafu lisilotumika. Anayekaa kwenye muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, anaweza kutumia tundu la waya la kuku, lenye urefu wa mita moja hivi na upana wa sentimita 60, ambamo watalala usiku na kukaa wakati wa kupika. Lisuguliwe kwa sabuni kwanza, na likae ndani ya nyumba, si uani. Sababu ya hilo la mwisho tutaifikia kwenye siafu.

Ukishakichagua, lala kifudifudi sakafuni, shavu chini, utazame. Mwanya wowote unaopitisha vidole vitatu vilivyobanwa pamoja utapitisha kichwa, na kichwa kikipita mwili unafuata. Ziba nyuma ya kabati kwa kipande cha mbao au gunia lililokunjwa kwa nguvu. Mlango wa chuma huwa na nafasi chini. Laza kitambaa kizito kando yake. Nyaya za umeme za ekstensheni zipitishe nyuma ya kitu kizito, au uzichomeke ndani ya bomba la plastiki la maji lililopasuliwa kwa urefu, kwa kuwa meno ya utotoni yakianza kubadilika, karibu miezi mitatu na nusu, kila kitu chembamba kinatafunwa.

Neti ya mbu inayoning'inia hadi sakafuni ni ngazi machoni pa paka. Atapanda, kucha zitanasa kwenye matundu, atahangaika, na neti itamzunguka shingo au mguu. Mchana ikunje na kuifunga fundo juu, usawa wa kifua chako. Usiku ichomeke chini ya godoro kabla ya kumruhusu paka chumbani, au umfungie kwenye chumba chake. Neti mpya yenye dawa ianikwe kivulini kama maelezo yake yanavyosema, na paka asilalie neti iliyofuliwa ikiwa bado mbichi: dawa zake ni za jamii ambayo ini la paka huivunja polepole mno.

Uzi unaonekana mchezo, lakini ndio unaowapeleka paka kwenye upasuaji. Ulimi wa paka una vijimiba vinavyoelekea kooni, kwa hiyo kinachonasa pale hakitemeki, kinamezwa tu. Ncha moja ya uzi hujizungushia chini ya ulimi au hukwama tumboni, nyingine inaendelea kuteremka, na utumbo unajikunja juu yake kama kiuno cha suruali ya kamba, mwishowe unakatwa. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au mkunduni, usiuvute. Usiukate pia. Mpeleke kwa daktari, uzi ukiwa vilevile. Nyumba yenye cherehani, au ambayo watu husukia nywele sebuleni, inahitaji kopo lenye mfuniko kwa ajili ya nyuzi, sindano, raba za kufungia na vipande vya nywele za kusukia, na fagio lipite kabla paka hajaingia.

Buveera, yaani mifuko ya plastiki (mmoja ni kaveera), hukatwa masikio ya kushikia. Paka hupenda kuingiza kichwa ndani, mkono wa kaveera unamvaa shingoni, anashtuka, anakimbia, na kadiri anavyokimbia ndivyo kinavyopiga kelele nyuma yake. Ukikata mikono hiyo kabla ya kuutupa, umemaliza.

Maji ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani. Pipa, ndoo, jerikeni lililokatwa mdomo, hata beseni la nguo zilizolowekwa: kuta ni laini, paka mchanga hana pa kushika, anachoka kwa dakika chache. Vyote vipate mifuniko mizito. Choo cha shimo kipate kifuniko chenye mpini kinachoziba tundu lote, na watoto wa nyumbani waambiwe kwa nini kinarudishwa kila mara.

Vyuma vya dirisha havizuii paka. Kwenye ghorofa za mitaa ya Kampala kama Ntinda au Kyanja, roshani na madirisha yafungwe waya wa kuku wenye matundu ya nusu inchi, ukiukaza kwa waya wa kufungia kila baada ya sentimita 20. Wavu wa mbu uliobanwa kwa pini pekee haufai kwa kazi hii. Paka huupanda, pini zinachomoka, wavu na paka vinatoka pamoja.

Malazi, na habari ya inzi wa maembe

Usiku wa Kampala hushuka hadi nyuzi 17 hivi, na Kabale, kule milimani, huwa baridi zaidi. Mtoto wa wiki nane mwenye ndugu yake atajimudu, lakini si juu ya saruji tupu. Laza boksi la kadibodi ubavuni, acha mlango mmoja wa upana wa sentimita 15, liweke juu ya ubao. Usiku wa kwanza jaza chupa ya nusu lita maji ya uvuguvugu ambayo ngozi ya ndani ya kiganja inayavumilia, ivalishe soksi, iweke upande mmoja wa boksi ili anayeona joto limezidi asogee. Sigiri isiingizwe humo kamwe. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyonuka, na paka aliye sakafuni karibu na jiko hatakuwa na namna ya kukuambia.

Blanketi hutosha la kawaida, ila angalia linavyoanikwa. Inzi wa maembe hutaga kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizotandazwa kwenye nyasi au kivulini, na kwenye mchanga wenye mkojo. Mayai huanguliwa baada ya siku moja hadi tatu, na buu hungoja mpaka apate ngozi yenye joto. Blanketi la paka ni karamu yake. Anika juani kwenye kamba, kisha pasi moto pande zote mbili, hasa kwenye pindo, ambako nguo hukauka mwisho.

Ukikosea utaona uvimbe kama jipu, wa ukubwa wa harage, na katikati yake kitundu kidogo cheusi. Tazama kwa makini: kitundu kinatokwa na majimaji, na mara nyingine kitu cheupe huchungulia na kurudi. Hicho ndicho kinachopumua. Pakaza mafuta mazito ya mgando yafunike kitundu kabisa, subiri nusu saa, buu atajitokeza kutafuta hewa. Bana ngozi kwa vidole viwili kutoka chini, si juu, umsukume nje akiwa mzima. Akikatika ndani, panaoza. Osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Paka mdogo mwenye mabuu zaidi ya matatu au manne apelekwe kwa daktari, kwa sababu maumivu yenyewe yanatosha kumwangusha.

Choo

Jerikeni la lita 20 lililokatwa ubapa linatosha miezi ya mwanzo. Mahali pa kuingilia shusha ukuta hadi sentimita 6 au 7, maana mtoto asiyeweza kupanda atajisaidia mlangoni. Makali ya plastiki yasugue kwa msasa au uyayeyushe kidogo kwa kisu kilichopashwa moto. Idadi ya vyoo ni idadi ya paka na kimoja zaidi. Wawili, vyoo vitatu. Watu hulalamikia hesabu hii, halafu hulalamika tena paka akianza kutumia kapu la nguo.

Kwa ndani, mchanga wa ziwa uliochekechwa na kukaushwa ndio rahisi kupata, na kina cha sentimita 3 hadi 5 kinatosha. Ukichanganya sehemu mbili za mchanga na sehemu moja ya maranda harufu hupungua. Maranda ni tele Ndeeba, mtaa wa wauza mbao Kampala, ila uliza ni ya mbao gani: zilizotiwa dawa ya mchwa hazifai, na vumbi la mvule huwasha mapafu. Majivu usitie. Yakilowa mkojo huunguza nyayo, kisha paka huzilamba. Ule mchanga wa dukani unaogandamana ukilowa uache mpaka wafike miezi mitatu au minne, kwani wadogo huuonja, na ukilowa tumboni hugandamana vilevile.

Mtie chooni mara tu anapoamka na mara tu anapomaliza kula, mkwaruze mchanga kwa kidole chako mbele yake. Wengi hushika kwa siku mbili. Anayekataa kabisa, chunguza mambo matatu kabla ya kumlaumu: choo kiko karibu mno na chakula, choo ni kichafu, au anaumwa anapokojoa. Dume anayejikunyata chooni bila kutoa mkojo ni dharura ya saa, si ya siku.

Kinyesi kiondolewe kila siku bila kuruka. Kimelea cha toksoplasma kikitoka na kinyesi huhitaji siku moja hadi tano ndipo kiweze kuambukiza. Anayezoa kila siku hukitangulia. Mama mjamzito ampe mwingine kazi hiyo, au avae glavu na kunawa.

Chakula

Hapa ndipo mazoea ya nyumbani na mwili wa paka havipatani. Paka si mbwa mdogo. Mwili wake hautengenezi taurini ya kutosha, na taurini hupatikana kwenye nyama na samaki, si kwenye posho (ugali) wala matoke. Akiikosa kwa miezi, macho huharibika na moyo hutanuka ukalegea. Chakula cha mbwa nacho hakikutengenezwa kwa kiwango cha paka, hivyo usimgawie mbwa wako na paka mfuko mmoja.

Rahisi na salama kuliko yote ni chakula kamili cha paka wachanga. Mtoto wa kilo moja anahitaji takriban kilokalori 200 hadi 250 kwa siku. Chakula kikavu kwa kawaida kina karibu kilokalori 4 kwa gramu, hivyo ni gramu 50 hadi 60 kwa siku nzima, zigawe mara nne: vijiko vikubwa viwili hivi kila mlo. Baada ya miezi minne gawa mara tatu, baada ya miezi sita mara mbili. Kile kinachouzwa kwa kupima kutoka gunia lililo wazi, kinuse kabla ya kulipa. Kikinuka kama mafuta ya kukaangia yaliyolala, kimeshaharibika. Omba kuona tarehe kwenye gunia lenyewe.

Anayepika nyumbani aanze na mukene, yaani dagaa wa ziwani, lakini ile ya kuliwa na watu, si ya kulisha kuku. Inayokaushwa chini huja na mchanga mwingi. Loweka dakika kumi, sugua kwa mikono, mwaga maji taratibu. Rudia mpaka chini ya sufuria pasibaki chembe, kwa kawaida mara tatu au nne. Chemsha dakika 15 hadi 20. Samaki wengi wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokiua. Saga pamoja na mifupa yake yote, maana hiyo ndiyo kalisiamu. Changanya na mioyo na firigisi za kuku zilizochemshwa bila chumvi wala kitunguu, na supu yake usimwage: taurini huyeyuka kwenye maji ya kuchemshia. Posho, ukilazimika, isizidi robo ya bakuli.

Mambo mawili huharibika hapa. La kwanza ni nyama tupu isiyo na mfupa, siku baada ya siku, kwa nia njema. Nyama ina fosforasi nyingi na kalisiamu kidogo sana. Mwili unachukua kalisiamu kwenye mifupa ya paka mwenyewe, na baada ya wiki kadhaa anaanza kuchechemea, anaogopa kuruka, na anaweza kuvunjika mguu kwa kushuka tu kwenye kiti. La pili ni maini kila siku, kwa kuwa ni ya bei nafuu na anayapenda. Vitamini A hujilimbikiza na mifupa ya shingo huja kushikana. Kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, mara moja au mbili kwa wiki, kinatosha. Na hata mapishi mazuri ya nyumbani yana mapengo, kwa hiyo changanya na chakula kamili angalau nusu kwa nusu katika miezi sita ya kwanza. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti, itupe mahali pasipofikika.

Maziwa ya ng'ombe yana sukari ambayo tumbo la paka aliyeanza kula halina tena uwezo mkubwa wa kuisaga. Anakunywa, anafurahia, anaharisha, na kuharisha kwa mnyama wa gramu 800 ni suala la siku moja au mbili. Vuta ngozi ya mgongoni juu ya mabega, uiachie. Ikirudi mara moja, maji yapo mwilini. Ikibaki imesimama kama hema, mpeleke kliniki leo. Mpe maji safi tu, kwenye bakuli pana la bati au udongo, mbali na chakula na mbali zaidi na choo. Sisimizi wakisumbua, simamisha bakuli la chakula ndani ya sahani kubwa yenye maji ya sentimita moja. Hakuna dawa inayohitajika.

Yatima wa chini ya wiki nne ni kazi nyingine kabisa: maziwa maalumu ya paka wachanga kutoka kwa daktari, kila saa mbili hadi tatu katika wiki ya kwanza, akiwa amelala kifudifudi na si chali kama mtoto wa mtu, kwani chali maziwa huingia mapafuni. Baada ya kila mlo pangusa sehemu za choo kwa pamba yenye uvuguvugu, kwa kuwa hawezi kujisaidia mwenyewe.

Viroboto, siafu na sumu

Chana manyoya kwa kitana chenye meno ya karibu sana juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vichembe vyeusi vikiyeyuka na kuacha rangi nyekundu, ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyosagwa. Fungua mdomo utazame ufizi. Wa waridi ni mzima. Mweupe kama karatasi ni upungufu wa damu, na viroboto peke yao wanaweza kumuua mtoto wa paka kwa njia hiyo. Mwogeshe kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, ukianza na pete ya povu shingoni ili wasikimbilie masikioni na machoni, kisha umkaushe kabisa kwa taulo. Chana kila siku. Mayai hudondoka sakafuni na kwenye matandiko, hivyo anayetibu paka peke yake bila kufagia na kufua anajisumbua.

Dawa ya unga ya kupe wa ng'ombe, maji ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi, na matone ya mbwa yenye permethrini haviguswi. Permethrini ya mbwa humtetemesha paka mpaka afe. Dawa sahihi imeandikwa kwamba ni ya paka, kwa umri na uzito wake.

Siafu ni wa misimu ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba. Paka mkubwa aliye huru hukimbia. Mdogo aliyefungiwa kwenye tundu uani hana pa kwenda, na msafara ukipita usiku hakuna atakayemsikia. Ndiyo maana tundu linakaa ndani. Usizungushie mafuta ya taa; paka huyakanyaga na kuyalamba.

Sumu ya panya, hasa ile inayotangazwa kwa spika mitaani na kwenye paki za teksi, iondoke nyumbani wiki kadhaa kabla. Kuificha juu ya kabati hakusaidii, kwa kuwa paka si lazima ale sumu. Anakula panya aliyekula. Aina ya kuzuia damu isigande huonyesha dalili baada ya siku kadhaa, na vitamini K1 ikiwahi humwokoa. Zile chengachenga nyeusi hufanya kazi kwa dakika na saa: mate, kutetemeka, kifafa. Mweleze na jirani, kwa utaratibu, kwamba nyumba ina paka. Mkanda wa shingoni wenye lastiki utamwonyesha kwamba huyu ana kwao, na utamteleza kichwani akinasa kwenye senyenge.

Parasetamoli isimguse. Ini la paka halina njia ya kutosha ya kuivunja, damu hugeuka kahawia na kushindwa kubeba hewa, na kidonge kimoja kinaweza kuua. Dawa za kusafishia zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji nazo si za nyumba yenye paka. Tumia jiki: mililita 30, yaani vijiko vikubwa viwili, kwa lita moja ya maji, juu ya sakafu iliyokwisha kuoshwa kwa sabuni, iache dakika kumi, suuza. Usiimwage juu ya mkojo, hutoa mvuke unaochoma kifua. Kama paka aliyekuwepo kabla alikufa kwa kutapika na kuharisha damu, fanya hivi nyumba nzima na usilete asiyechanjwa, kwani kirusi cha ugonjwa huo huweza kudumu ndani ya nyumba mwaka mzima. Maua ya yungiyungi ya dukani, yale marefu meupe yenye chavua ya rangi ya chungwa, yakae kwa wasio na paka; hata chavua iliyolambwa kwenye manyoya huua figo.

Daktari

Madaktari wengi wa mifugo wamezoea ng'ombe na kuku, kwa hiyo piga simu kabla: ana chanjo ya paka, na iko kwenye friji ya nyuzi 2 hadi 8? Kampala, kliniki ya wanyama wadogo ya chuo cha mifugo cha Makerere ni mahali pa kuanzia. Chanjo ya magonjwa matatu ya paka huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Inayoishia katikati huweza kuwa kazi bure, kwa sababu kinga ya maziwa ya mama huweza kuimeza chanjo ya mwanzo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kuanzia wiki ya 12, na paka wa ndani tu hasamehewi. Ulizia pia kampeni za karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya ugonjwa huo duniani. Ukikwaruzwa au kung'atwa na paka asiyejulikana, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, ndipo uende hospitali.

Minyoo: kila wiki mbili mpaka afike wiki 8, kisha kila mwezi hadi miezi sita, kipimo kwa uzito wa siku hiyo. Kuhasi ni miezi minne hadi sita. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na baada ya siku 63 hadi 65 wewe ndiye utakayekuwa unapiga simu kwa majirani.

Siku ya kuwachukua

Nenda asubuhi, uwe na siku nzima ya kuwaangalia. Kwenye boda, boksi lenye matundu ya ukubwa wa kidole gumba lifungwe kamba pande zote na likae mapajani, limefungwa kiunoni kwa leso. Gunia hapana. Omba kitambaa walicholalia na kiganja kimoja cha mchanga wa choo chao. Harufu hizo mbili zitafanya kazi kuliko kubembeleza kokote.

Chumbani fungua boksi, kaa chini, usiwatoe. Watatoka. Siku ya kwanza wanaweza kujificha na kula kidogo. Saa 24 bila kula chochote ni sababu ya kumpigia daktari. Watoto wa nyumbani waingie wawili wawili, wakae sakafuni, na paka aliyelala asiguswe.

Paka mwenyeji asikutane nao kwa siku 10 hadi 14: ni muda wa magonjwa kujitokeza. Walishe pande mbili za mlango uliofungwa, wabadilishie blanketi, kisha mlango ufunguke upana wa kiganja. Kufoka kidogo ni mazungumzo. Kukimbizana na kupiga mayowe maana yake umeharakisha, rudi nyuma siku tatu.

Wakishakula vizuri, wakatumia choo bila kukosea na wakaja wenyewe mlangoni, wafungulie chumba cha pili, baada ya kulala tena kifudifudi na kukikagua kama kile cha kwanza. Jikoni pafunguliwe mwisho, sigiri ikiwa imepoa. Majivu yenye vuguvugu ni kitanda anachokipenda kuliko vyote, na kaa lililofukiwa chini yake halionekani.